Gauni Ambalo Bado Linamtosha Nasieku

Mwanangu Nashipai,

Kosa tunalolifanya wengi wetu, mafundi na akina mama kwa pamoja, ni kufurahi nguo ya mtoto inapokaa muda mrefu bila kumbana. Tunaisifu nguo, tunamsifu fundi, tunamsifu mama kwa utunzaji, na mtoto mwenyewe hatumtazami. Nguo ya mtu mzima ikikaa miaka mitatu, hiyo ni sifa. Ya mtoto mdogo ikikaa zaidi ya mwaka bila kubadilika popote, hapo pana swali. Swali hilo ndilo limenikalisha kibarazani asubuhi hii nikuandikie.

Nalisema mapema ili usilitafute katikati ya maneno yangu mengi: naogopa kwamba mwanao Nasieku hakui.

Usione nimekuanika kwa kuiandika barua hii wazi. Simu yako haipatikani, leo ni siku ya nne. Nakala moja naipeleka kwenye gari linalopandisha bidhaa za madukani huko kwenu Nainokanoka, na nyingine nawapa wenzako wote niliowagawia violezo vyangu, maana sijui mkono wa nani utakufikia kwanza. Na hao wenzako nao wana watoto, na watoto hao wamevaa magauni yaleyale. Atakayeisoma kabla yako, akufikishie, kisha amtazame na wa kwake.

Sasa nianzie mbali kidogo, kwa sababu kosa lenyewe tulilishona pamoja, mimi na wewe, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu.

Unakumbuka ulivyofika hapa Karatu? Ulikuja na shuka mbili na kopo la shanga. Cherehani hukuwahi kuikalia, lakini vidole vyako vilikuwa vimeshajua kazi kabla yako. Vilishika sindano kama watu wanaofahamiana. Nilikuanzishia vitu vidogo: vibanio vya nywele, vitambaa vya kukinga udenda wa watoto wachanga, kofia za masikio. Kila kitu ulitaka kukitilia shanga. Nami nikawa nakueleza, kama ninavyoeleza kila kitu hadi watu wanasinzia, kwamba shanga kwenye nguo ya mtoto hushonwa kwa uzi mara mbili na kufungwa fundo kila moja peke yake, ili moja ikikatika zisimwagike zote kinywani mwake. Ukaniuliza, "Mama Mwalimu, kwani mtoto anakula nguo?" Nikakujibu kwamba mtoto anakula kila kitu, hata redio.

Kisha vikaja violezo. Nilivipenda kwa sababu mimi ni mtu wa shule, na kiolezo ni somo lililochorwa. Yule mama wa mbali, ambaye hatujamwona wala hatutamwona, huchora magauni ya watoto nyumbani kwake, halafu huviuza violezo hivyo kwa njia ya simu. Tunakwenda navyo stationari, tunavichapisha kwenye karatasi za kawaida, tunaziunganisha kwa gundi ukingo kwa ukingo, na hapo ndipo tunapata umbo la kukatia kitambaa. Kwenye karatasi ya kwanza daima kuna mraba mdogo wa sentimita tano. Mraba huo ukitoka mdogo au mkubwa, jua kwamba mashine imebana au imetanua mchoro wote.

Mara ya kwanza hatukuupima. Ukakata kofia nzuri ya kitambaa cha flana, ukaishona siku nzima, ikatoka ya kichwa cha chungwa. Ulicheka hadi ukakaa chini. Halafu ukamvisha paka wangu, ukamfunga kamba chini ya kidevu, ukasema, "Usimfukuze, Mama Mwalimu. Huyu naye ni mteja." Jirani yangu Mama Safari, ambaye unajua hana siku anakosa kuja kuazima kitu, alipomwona paka akipita na kofia alisimama getini akauliza kama anakwenda kupokea kipaimara.

Tangu siku hiyo hujawahi kusahau kuupima mraba. Nami nilijivuna: nimefundisha mtu kupima. Kumbe nilikufundisha kupima karatasi.

Uliporudi kwenu ukaolewa, nikaja mara moja tu, unakumbuka. Nilipanda na gari la bidhaa, nimekaa juu ya magunia ya unga, tukapita ukingo wa kreta ndani ya ukungu mzito kiasi kwamba dereva alitoa kichwa dirishani kutafuta barabara. Nasieku alikuwa ametimiza mwaka mmoja na mwezi hivi, anatembea kama mlevi, anashika shuka ya kila anayepita. Nilikuwa nimebeba kitambaa cha buluu chenye maua madogo meupe, na bahasha ya kiolezo. Nikatoa futikamba yangu shingoni nimpime kifua.

Hapo ndipo Koko, bibi wa mume wako, alipoinua fimbo yake. Aliongea Kimaasai, nawe ukanitafsiria huku ukitazama chini kwa haya.

"Anasema kwetu watoto hawahesabiwi. Sasa wewe unataka kumpima?"

Nikamwambia ni kwa ajili ya gauni.

"Anasema anayepimwa ni ng'ombe wa mnadani. Na anayepimwa mnadani, jioni hayupo."

Wanawake waliokuwa pale walicheka, lakini Koko hakucheka, nawe ulikuwa umeshamvuta mtoto kifuani kwako. Ningeweza kubishana. Nimefundisha watoto miaka mingi, nimebishana na wazazi wagumu kuliko yeye. Lakini nilikuwa mgeni, nilikuwa nimeshakunywa chai yake, na zaidi ya hayo nilitaka kuonekana mwerevu. Nikasema, "Basi tusimpime mtoto. Tupime nguo." Nikaomba gauni lake la kila siku, nikalilaza juu ya kiolezo, nikachagua mstari uliolingana nalo. Koko alipotafsiriwa alifurahi sana. Akanitemea mate kidogo kiganjani, baraka ya wazee, nami nikaifunga ngumi nikajiona mtu niliyejua kuishi na watu.

Ukalichukua wazo hilo ukalifanya kanuni. Uliwafundisha wenzako wote: hatupimi mtoto, tunalaza nguo ya zamani juu ya kiolezo, tunakata. Kanuni nzuri kwa fundi. Lakini fikiri nami, mwanangu. Nguo inayopimwa kwa nguo, na hiyo nayo ilipimwa kwa nguo, hapo mtoto yuko wapi?

Tulilishona gauni lile siku hiyohiyo. Wewe ulitia shanga shingoni, kila moja na fundo lake. Mimi nikaweka mikunjo miwili ya akiba juu ya pindo. Nawaeleza wasiojua: kitambaa kinakunjwa na kushonewa kuzunguka sketi yote, kama mstari wa pambo tu, lakini kazi yake ni kungoja. Mtoto akirefuka, unafumua mkunjo mmoja, gauni linashuka vidole vitatu. Akirefuka tena, unafumua wa pili. Nilikwambia, "Huu utaufumua kabla ya mvua zijazo. Na huu, zitakapokuwa zimekwisha." Pindo lilifika magotini pake sawasawa. Akalishika kwa mikono miwili akazunguka, akaanguka, tukampigia makofi.

Sasa tuje kwenye picha.

Siku nne zilizopita simu yangu ililia, nikaona Nasieku amesimama mbele ya boma, ukungu nyuma yake, kavaa gauni la buluu. Chini ya picha uliandika: "Ona kazi ya mikono yako, Mama Mwalimu! Zaidi ya mwaka na bado linamtosha." Nilifurahi. Sikuficha. Nilimwita Mama Safari aje aone, akavaa miwani yangu, akasema, "Hii ndiyo kazi! Siyo za dukani, zinambana mtoto kabla hujamaliza kukata uzi." Nikaikubali sifa hiyo kwa furaha.

Kisha nikaivuta picha kwa vidole ikawa kubwa, nitazame shanga zako kama zimedumu. Shanga zote zipo. Nikashuka hadi kwenye pindo. Liko magotini. Nikaona mikunjo yangu miwili, yote miwili, haijafumuliwa. Na chini ya gauni amevaa sweta.

Nashipai, nilimvua Mama Safari miwani yangu, nikatazama upya.

Mtu aliyesoma akiogopa hutafuta sababu, na mimi nilizitafuta kama mtu anayetafuta funguo. Labda kiolezo kilitanuliwa stationari. Nikachukua bahasha kabatini, nikaweka rula kwenye mraba: sentimita tano kamili. Labda tulikata mstari wa mtoto mkubwa. Hapana, nilikuwa nimeupaka kalamu nyekundu, ni wa miezi kumi na minane. Labda kitambaa kimelegea. Pamba hailegei urefu hivyo. Kwa kufuliwa hurudi ndani, kwa hiyo gauni lingekuwa limemwia fupi zaidi.

Mama Safari ndiye aliyenimaliza, bila kukusudia. Alisema, "Si ulimshonea na mjukuu wangu la namna hii? Kiolezo hikihiki." Kweli. Nililishona nilipotoka kwenu, mwezi uleule, na mjukuu wake anakaribiana na Nasieku kwa umri. Akaenda nyumbani kwake akalileta. Mikunjo yote miwili ilishafumuliwa zamani, alama za mshono bado zinaonekana, na gauni sasa linamngoja mdogo wake aliyemfuata. Mama Safari aliliweka mezani, akaitazama picha kwenye simu, akalitazama gauni. Unamjua yule, hanyamazi hata kanisani. Mara hii alisema maneno matatu tu, "Mwalimu, piga simu."

Ulipokea kwa furaha. "Shikamoo, Mama Mwalimu! Umeliona?"

"Marahaba. Nimeliona. Picha ni ya lini?"

"Ya leo! Tumepanda kilimani kutafuta mtandao. Hata mikunjo sijafumua, umeona? Koko anasema mkono wako una baraka."

"Nasieku anakula nini siku hizi?"

"Anakula tunachokula. Uji, ugali, chai."

"Na maziwa?"

"Maziwa yako kwa ng'ombe, na ng'ombe wako mbali na baba yake." Ukacheka. "Mbona unanihoji kama askari wa geti la hifadhi?"

"Anakimbia? Anacheza na wenzake?"

"Ah, huyu ni mpole. Hapendi kukimbia. Anapenda mgongoni tu. Hanisumbui hata kidogo, Mama Mwalimu, nimepata mtoto wa baraka."

Nilikwambia umpeleke zahanati. Nadhani mtandao ulishakatika. Tangu hapo napiga, sikupati.

Kila ulichonijibu siku ile kilinitia hofu zaidi, na kila ulichonijibu ulikisema kwa furaha. Mtoto mpole. Mtoto asiyesumbua. Mtoto wa umri ule anatakiwa asumbue. Anatakiwa amkimbize mwana-mbuzi, amwage uji, ang'ang'anie kisu. Yule niliyemwona akishika shuka za wapita njia, nani kamkalisha mgongoni?

Unaweza kusema kwamba kifuani gauni halijalegea, kwa hiyo hajakonda. Ngoja nikueleze, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Mtoto akishaanza kutembea, kifua chake hakitanuki haraka. Ndiyo maana mama yule wa mbali, kwenye violezo vyake, upana wa saizi hii na inayofuata unatofautiana kidogo sana. Kinachobadilika ni urefu. Upana unaweza kukuficha, hasa penye sweta. Urefu hausemi uongo. Pindo lililokuwa magotini mwaka jana lazima mwaka huu liwe limepanda pajani. La Nasieku halijapanda.

Nina jambo moja ambalo sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa msichana, kule kwetu upande wa Mbulu, nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Mama yangu alimshonea shati la kaki kwa mkono, kwa sindano, sisi hatukuwa na cherehani. Mama alijivunia shati lile. Kisimani aliwaambia wenzake, "Hili limeona mavuno mawili, na bado linamtosha mwanangu." Wenzake walimsifu. Mimi nilikuwa pale na ndoo yangu, nami nilijivuna. Mdogo wangu naye alikuwa mpole. Alipenda kukaa juani, mgongo ukutani, akiwatazama kuku. Homa ndogo tu ilikuja, homa ambayo sisi wengine tuliugua tukapona. Tulimzika na shati lile. Lilikuwa bado linamtosha.

Mama yangu hakuwa mzembe. Alikuwa mama bora kuliko nitakavyowahi kuwa mimi. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba shati linaweza kuwa habari mbaya. Mimi baadaye nilisoma, nikafundisha sayansi kimu, nikawachorea watoto wa watu ubaoni vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda. Na pamoja na elimu yote hiyo, nilipoona picha yako, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufurahia mshono wangu.

Huenda ninakosea. Natamani nikosee. Wapo watoto wafupi kwa ukoo, ingawa mume wako anainama mlangoni kila anapoingia. Wapo wanaosimama kidogo halafu wanachomoza kama mahindi baada ya mvua. Picha pia inaweza kudanganya. Lakini mimi siwezi kujua nikiwa hapa, nawe huwezi kujua kwa kumtazama, kwa sababu unamwona kila siku, na anayemwona mtoto kila siku ndiye wa mwisho kuona. Koko naye, kwa heshima zote, hawezi. Mizani inaweza. Ubao wa kupimia urefu unaweza. Ule utepe wenye rangi unaozungushwa mkononi unaweza. Kadi yake ya kliniki uliyonionyesha nilipokuja, nukta zake ziliishia alipochomwa sindano ya surua, baada ya hapo karatasi ni nyeupe. Mama wengi hufanya hivyo. Chanjo zikipungua, safari ya kliniki nayo inakwisha.

Na nikuondolee hofu moja, ingawa ya kwangu imebaki. Mtoto aliyesimama kukua anasaidiwa, akiwahiwa. Nimewaona wengi darasani kwangu, mama zao wakinisimulia walivyokuwa wadogo, nikashindwa kuamini. Neno lenyewe ni kuwahi. Ndiyo maana siku hizi nne zimeniwia ndefu. Kila gari linaloshuka kutoka getini nalitazama kama limemleta mtu wa kwenu, halafu naogopa lisije likawa limemleta na habari.

Najua kitakachokuzuia. Si umbali, wewe umetembea zaidi ya hapo kutafuta uzi wa rangi moja. Ni Koko. Mtoto kuning'inizwa kwenye mizani, mbele ya macho ya watu, na namba yake kutajwa kwa sauti. Sikudharau kwa kuliogopa hilo, wala simdharau yeye. Amezika watoto wengi kuliko mimi, na kutohesabu ndiyo njia aliyojua ya kuwalinda waliobaki. Lakini mwambie hivi, mtafsirie kama ulivyonitafsiria mimi: yule mwalimu wa Karatu aliyekubali kwamba mtoto asipimwe, ndiye leo anayelivunja neno lake. Baraka aliyonitemea mkononi, akitaka aichukue, aichukue. Kama kuna baya linalofuata mtoto kupimwa, lije kwangu, mimi ni mzee, lina njia fupi ya kufika. Akikasirika, akasirikie mimi. Nitapanda mwenyewe juu ya magunia, nije nikae mbele yake niombe radhi. Ila asikuzuie.

Ninyi wenzake mliopokea nakala, kanuni mliyofundishwa naye, iliyotoka kwangu, nimeifuta. Nguo muilaze juu ya kiolezo kama kawaida, lakini mtoto naye ana zamu yake ya kupimwa.

Nimemaliza maelezo yangu, mwanangu, na unajua si kawaida yangu kumaliza. Nakukumbuka ukiwa kwenye kiti kile karibu na dirisha, unalamba ncha ya uzi, unaniimbia nyimbo za kwenu nisizozielewa. Nakupenda. Nisalimie Koko kwa adabu zote, na baba Nasieku akirudi na ng'ombe. Hukufanya kosa lolote kwa kufurahi. Sote tulifurahi.

Usiirudie barua hii mara ya pili, wala usingoje simu yangu. Leo hii, mbebe Nasieku mgongoni, chukua kadi yake, mpeleke zahanati akapimwe.

Mama yako wa cherehani,
Mwalimu, Karatu